Ndizi za Jirani

Mjukuu wangu Kemunto,

Sisi huku Mosocho hatujambo, na kikohozi cha babu yako kimepoa. Unauliza, kwa huo utafiti wako wa chuo, kama wasichana wa enzi zetu walivunja sheria. Walivunja. Rafiki yangu Moraa na kaka yake walikata ndizi za jirani, wakakamatwa wakiziuza soko la Daraja Mbili. Wazee wakakutana. Kaka alichapwa, akarudi shuleni. Kuhusu Moraa, mzee mmoja alisema, "Huyu ameshakomaa," na mwezi haujaisha akawa ameozwa Nyamira. Hakuna aliyemwita mwizi tena. Aliitwa bibi arusi. Kwa hivyo makosa ya wasichana usiyatafute kwa polisi. Waulize akina nyanya kwa nini waliozwa haraka. Anza na Moraa, bado yuko Nyamira.

Nyanya yako