Mfungue Sekela Mkono

Mama yangu mpendwa,

Mugonile mama. Nakuamkia kutoka Iringa, na naomba barua hii ikukute umeketi kwenye kigoda chako hapo mtaani kwetu Soweto, goti limepoa, chai iko karibu. Mimi ni mzima. Mwilini sina hata mkwaruzo, naandika hivyo mapema ili ukifika huko mbele usishike kifua. Sekela bado anakohoa? Yale majani ya mpera yalimsaidia?

Mama, Jumapili mdogo wangu Lusajo aliniambia kwenye simu kwamba mwanangu Sekela anakula kwa mkono wa kushoto, na kwamba wewe umeanza kumfunga ule mkono kwa kitambaa wakati wa chakula. Ulipochukua wewe simu nilinyamaza, ukasema mtandao umekata. Haukukata. Nina ombi kuhusu mkono huo, ila kwenye simu nikianza nitalia, na wewe utanibembeleza mpaka neno lenyewe lipotee. Kwa hiyo nimeliandika. Nivumilie, linaanzia mbali kidogo.

Unajua mimi napikia wageni wanaozunguka porini kwa gari. Gari lenyewe sikuwahi kukueleza, kwa sababu nilijua utaogopa. Juu ya paa limefungwa hema. Likikunjwa ni kama sanduku kubwa. Mkifika pa kulala mnalifungua, mnashusha ngazi, wageni wanapanda huko juu kama kuku. Siku ya kwanza nililicheka. Dereva wetu, kaka Kalinga, Mhehe wa hapa hapa, akaniambia, "Mama Sekela, gari hili limebeba mtoto mabegani. Mwenye mtoto mabegani hainami hovyo." Sikumwelewa. Kwenye lami huoni tofauti yoyote. Lakini njia ikilala upande, ule uzito wa juu unatangulia kwenda, na gari zima linataka kuufuata.

Njia ikiwa mbaya mimi ndiye ninayeshuka. Natembea mbele, gari liko mgongoni kwangu, naangalia mawe na mashimo, halafu namwambia kaka Kalinga: kulia, kushoto, simama. Yeye kwenye usukani haoni chini ya pua ya gari. Macho yake ni mimi.

Wiki iliyopita tulikuwa na wageni wawili, mtu na mkewe, wenye mvi, wapole. Walitaka kupita njia ya zamani ya kubebea magogo kule milima ya Kilolo. Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili, na ule udongo mwekundu ukilowa ni mlenda mtupu. Nilimwambia kaka Kalinga naogopa. Akanitania, "Ninyi Wanyakyusa mmezoea migombani, mtu akianguka anadakwa na majani." Nikamjibu, "Na ninyi mmezoea pombe yenu ya ulanzi, hata njia iliyonyooka mnaiona imepinda." Tukacheka. Ndicho kicheko cha mwisho siku ile.

Kufika katikati, njia ikawa nyembamba. Kushoto ukuta wa mlima, kulia korongo, vilele vya mipaini viko chini ya miguu yetu. Nikashuka. Viatu vilibeba udongo mpaka nikawa natembea kama niliyefungwa matofali. Mbele nikaona maji yamekula ukingo wa upande wa korongo, chini kumebaki wazi, juu nyasi zimefunika. Nilijua kabisa la kusema. Asogee kushoto, alikumbatie lile jabali la mlimani. Nikafungua mdomo nikasema, "Kulia. Kulia zaidi."

Kaka Kalinga ananiamini, mama. Akaenda kulia.

Sikugeuka kwanza, nilisikia. Udongo ulitoa sauti kama mtu anayemeza. Nilipogeuka, tairi la mbele lilikuwa limezama ukingoni, gari limelala, na lile hema linachungulia korongo. Kaka Kalinga alikuwa ndani, upande ule ule wa korongo, mguu kwenye breki. Hakupiga kelele. Alisema taratibu, "Wageni watoke upande wa mlima. Mmoja mmoja. Mama Sekela, lete kamba."

Yule mama mgeni alitoka, akanishika bega, nami nikamshika mkono, hatujui nani anamshika nani. Kila mtu akitoka gari linahema. Nikapanda kwenye ukuta wa mlima na kamba nene ya kuvutia gari, nikaifunga kwenye keria ya paani, mwisho wa pili nikauzungusha kwenye mpaini. Mkono wa kulia ulikuwa umekufa kwa hofu, vidole havikunji. Wa kushoto ukaenda wenyewe. Ukafunga lile fundo la kufungia ng'ombe alilonifundisha marehemu baba kule nyuma ya zizi, wewe ukiwa jikoni. Alikuwa anasema, "Tumia unaoweza, mama yako haoni." Nisamehe kwa kukuambia leo.

Kamba ikakaza, gari likatulia. Tukajaza mawe chini ya tairi. Kaka Kalinga akasema, "Niongoze tena." Nikamwambia siwezi. Akasema, "Mimi siwezi kushuka, mguu huu nikiutoa breki tumekwisha. Ni wewe tu." Nikaogopa neno kulia, nikaogopa neno kushoto, yote mawili yalikuwa kama nyoka. Basi nikasema, "Mlimani." Akakata usukani mlimani. "Mlimani tena. Bondeni kidogo. Mlimani." Hivyo hivyo, kiasi cha hatua kumi, yule mzee mgeni akilegeza kamba kidogo kidogo, mpaka gari likasimama kwa miguu yake minne.

Alipozima gari alishuka, akaliangalia lile shimo. Baadaye akaniuliza bila hasira, "Shimo uliliona?" Nikasema ndiyo. "Sasa kwa nini ulisema kulia?"

Nilimwambia ukweli ambao sijawahi kumwambia mtu. Nilipokuwa mdogo kama Sekela, nikinyoosha mkono wa kushoto kwenye bakuli, mwiko ulikuwa unaushukia ule mkono na neno linakuja nao: "Wa kulia, Atupele. Unaitwa wa kulia kwa sababu ndio wa kulia ugali." Mkono uliouma ni huu wa kushoto, neno lililosikika ni lile, vikaota mizizi pamoja. Mpaka leo nikisikia kulia, kinachoshtuka ni kushoto. Siku za kawaida nafikiri kwanza, nakumbuka, nasema sawasawa. Nikiogopa sifikirii, nataka kushoto na mdomo unasema kulia. Siku ile niliogopa, na nusura nimuue kaka Kalinga, baba wa watoto watatu.

Kaka Kalinga hakucheka. Alisema, "Basi kwenye gari hili hakuna kulia wala kushoto. Kuna mlimani na bondeni."

Mama, sikulaumu. Ulikuwa unaogopa watu wa kanisani waseme mtoto wako hana adabu. Ulinichapa kwa sababu ulinipenda, na najua Sekela unampenda kuliko ulivyonipenda mimi, maana yeye unampa hata nyama ya juu. Mfundishe kuamkia kwa mkono wa kulia, kupokea kwa mikono miwili, kunawa vizuri. Hayo mazuri. Lakini kijiko, kalamu na kisu, achague mwenyewe. Mfungue Sekela mkono. Ipo siku atasimama mbele ya jambo baya, hakuna wa kumsaidia, na nataka siku hiyo mikono yake yote miwili imjue.

Kesho asubuhi tunarudi njia ile ile na wageni wengine. Sasa hivi niko kwenye uwanja wa gereji, hema limefunguliwa likauke, nimekaa kwenye kivuli chake naandika. Bado naogopa. Lakini kaka Kalinga amesema nikiendelea hivi atanifundisha usukani, na mwanamke anayeendesha njia zile hapa hayupo. Naogopa na nataka, vyote kwa pamoja.

Nisalimie Lusajo mdogo wangu, umwambie asante kwa kusema ukweli. Shangazi wa mchele pale Mwanjelwa, mwambie gauni alilonipa nalivaa kanisani. Mama Zuhura jirani, anayemshonea Sekela sketi, mwambie namshukuru, ndaga fijo.

Hapo chini nimechora kiganja changu cha kushoto. Nimekilaza kwenye karatasi, nikakizungushia kalamu kwa mkono wa kulia, kwa hiyo na huo uliokuwa unaupigania umefanya kazi, mama. Mwite Sekela. Mwambie mama yake anamsalimia, aweke kiganja chake juu ya hiki. Kikiwa kimefungwa, kifungue kwanza.

Mwanao anayekuhitaji,
Atupele, mama Sekela