Masizi ya Mwezi Wako

Mwanangu Sekela,

Ni mimi baba yako wa darasa la nne, sijaongeza hata moja. Mwandiko bado ni kuku amekanyaga. Vumilia tu, huko uliko huna haraka.

Nimekaa jikoni, pale pale ulipofunga mahindi ya mbegu ya marehemu mama yako juu ya moshi, likizo yako ya mwisho. Nilikuuliza chuoni mnasoma nini. Ukasema, "Ukungu wa Titani, Baba. Mwezi wa sayari ya Zohali." Nikakwambia ukungu hata hapa Itumba tunao, tena wa bure.

Ukanionyesha masizi yanayoning'inia kwenye kenchi za paa. Ukasema ukungu wa Titani ni kama hayo: huko kwake, juu kabisa, jua linavunjavunja hewa. Chembe nyingine zinanasa elektroni ya ziada, zinakuwa na chaji hasi, zinavuta zenye chaji chanya, zinaungana na kunenepa mpaka zinakuwa ukungu wa rangi ya chungwa, unashuka polepole hadi chini. "Hakuna aliyetegemea kukuta chembe hasi nzito vile kule juu, Baba!" Nikauliza, "Na wa kufagia hayupo?" Ukanipiga na gunzi.

Kisha homa ikakuchukua hukohuko chuoni.

Unajua mama yako alivyotuzoeza: aliyefunga mbegu ndiye anayeishusha. Basi sikushusha. Mvua zikaja, zikapita, mara tatu. Shangazi yako akanisema, "Kaka, hiyo ni mbegu au picha ya ukutani? Inakufa hiyo!" Nikamjibu, "Mbona wewe umekaa miaka yote hiyo na hufi?" Akasusa, hakunisalimia wiki nzima.

Mwaka huu nikaishusha. Nikafuta masizi punje kwa punje, kwa shati langu la kanisani, nikapanda yote karibu na kaburi lako. Mahindi ya jirani, ya mbegu ya pakiti kutoka Tunduma, yamefika kiunoni. Yetu hayajatoa hata jani moja. Jana nikafukua punje: imeoza. Ndiyo ilikuwa mbegu ya mwisho ya mama yako, na nimeiua mimi kwa kukutunzia.

Siku ile nilikuuliza habari za kufagia, mzee mpumbavu mimi. Ningekuuliza kama chini ya ukungu ule kuna kinachoota.

Lala, mwanangu. Moto nimeuacha uzime, hakuna cha kukausha.

Baba yako