Nani Aonje Kwanza

Shangazi yangu,

Nakuandikia huku nacheka, usinione sina adabu. Jumamosi tulimpokelea dada yangu mahari hapa Ruziba, kwenye ua wako. Mwaka wa pili sasa tangu ututoke, na hii ndiyo sherehe kubwa ya kwanza uliyokosa. Wageni walijaa mpaka wengine wakakalia ndoo. Ungefurahi sana.

Ila kuna kitu lazima nikusimulie. Impeke ilipoletwa, ile pombe ya mtama aliyoipika Baba Mdogo, akamwita binti yako Diane aje kumimina. Unajua desturi yetu: anayemimina anaonja kwanza, wageni waone hamna sumu. Kibuyu mkononi mwa mtoto wa miaka kumi na mitatu, na wazee wote wanangoja!

Mimi nami nilianzia hapo hapo. Wewe ndiye uliyekuwa ukiniita nimimine, eti mikono yangu haimwagi hata tone. Na kila mtungi niliuonja. Hakuna aliyenilazimisha, nilisifiwa tu. Nilipofika sekondari kule Gasenyi, wenzangu wakileta chupa kwenye mkoba wa madaftari, mimi ndiye mwalimu wao. Nilijiona mkubwa kweli. Unakumbuka ule ubatizo kwa jirani? Mlinikuta zizini, nina miaka kumi na mitano, nimempigia magoti mbuzi, namwomba anisainie buletini, ile ripoti ya alama za shule. Watu walicheka mpaka machozi. Wewe hukucheka. Uliniosha uso, ukajilaumu, "Mwana yangu, mi njo nilikufundisha."

Tangu siku hiyo hukugusa pombe tena, wewe uliyeipenda vile! Kila sherehe ulibeba chupa yako ya maji ya marakuja, yale matunda ya pasheni, tukagawana nusu kwa nusu, wakakucheka na wewe ukawacheka. Nikaacha pole pole, kwa kukuonea aibu kwanza, halafu kwa kupenda. Sikuwahi kukuambia asante. Asante, Shangazi. Asante sana.

Basi Jumamosi nikainuka mbio kumnyang'anya Diane kile kibuyu, maana pale hospitali nilikuahidi nitamlinda. Kitenge kikanasa kwenye kiti, nikaanguka nacho, puu! Kabla sijasimama nikamsikia, sauti yako kabisa:

"Apana, mujomba. Mama alisema kuonja ni kazi ya mukubwa. We njo ulipika, onja we."

Wakwe wakatazamana. Kisha mzee wao mmoja akaanza kucheka, na ua mzima ukamfuata. Baba Mdogo akaonja mbele ya watu, uso ukamkunjamana: impeke yake ilikuwa imechacha kupita kiasi! Akina mama walipiga vigelegele utafikiri bibi harusi ndiye anatoka. Mimi nililia pale pale chini, kwa furaha, magoti yamechubuka. Ulimfundisha lini, Shangazi? Ulikuwa mgonjwa vile!

Sitakudanganya kwamba yameisha. Shuleni wenzake wameanza kumwita mtoto wa kunyonya kwa vile hanywi, na juzi alirudi amenuna. Tulikaa mlangoni tukakamua marakuja mpaka akacheka.

Haya, pumzika. Siku watakapokuja kumtolea Diane mahari, mtungi wa marakuja nitaubeba mwenyewe kichwani, niutue katikati ya ua wako, mbele ya wakwe wote. Na nitaonja mimi kwanza.

Mtoto wako,
Esperansi