Mwenye Migomba ya Mwaya

Mwaya, 4 Machi 1911

Mdogo wangu Asegelile,

Ugonile? Kwangu uzima upo, ila moyo unachemka. Yule Eliud, mtoto wa baba mdogo, ametangaza kwamba ulifia Tanga kwenye mashamba ya mpira. Alilia mpaka akagaragara, akachinja dume la matanga, kisha akahamia nyumbani kwako. Si unajua kwetu mrithi huchukua na jina la marehemu? Basi sasa anaitika Asegelile, na anakata ndizi zako mchana kweupe! Nimemshitaki bomani. Mzungu kasema anayejipatia shamba la mtu kwa uongo hula viboko na kufukuzwa, lakini mwenye shamba aje mwenyewe. Njoo haraka.

Dada yako, Tusekile

Karonga, 2 Aprili 1911

Dada yangu mpenzi,

Ndaga, asante kwa barua, Felista Mkisi muuza vyungu kanifikishia. Sijambo, ila bomani siendi. Tanga sikumaliza mkataba, nilitoroka, ndiyo maana nimejificha huku kwa Waingereza. Nikivuka mto Songwe kurudi kwa Wadachi, nafungwa mimi. Lakini Dada, huyo mwizi nataka alie tena, na safari hii machozi yawe ya kweli.

Mdogo wako, Asegelile

Mwaya, 19 Juni 1911

Mdogo wangu,

Hujambo? Mimi nimelala usingizi mtamu. Jana askari walikuja, wakasimama uani kwako: "Asegelile yuko wapi?" Eliud akadhani wameletwa na mashitaka yangu. Akatoka kifua mbele: "Asegelile ni mimi! Mwenye hapa ni mimi, waulizeni wote!" Kumbe walikuwa wanamtafuta mtoro wa Tanga. Alipoona mnyororo akapiga kelele kwamba yeye ni Eliud. Mkubwa wao akanigeukia: "Mama, huyu ni nani?" Nikamtazama Eliud machoni, nikasema, "Ni mdogo wangu, Asegelile." Amechapwa viboko palepale, na wamempeleka Tanga akamalizie mkataba wako. Sijuti hata kidogo. Sasa rudi nyumbani.

Dada yako, Tusekile

Karonga, 30 Juni 1911

Dada,

Natumaini u mzima. Barua yako ilinichekesha mpaka majirani wakaja kuchungulia. Nikafunga mzigo, nikafika Songwe, nikakaa mchangani. Nikivuka, nitajiita nani? Nikisema Asegelile, Eliud atafunguliwa, mimi nitafungwa, nawe utachapwa kwa kumdanganya Mzungu. Nimerudi nilikotoka. Kula ndizi zangu, Dada. Watu wakiniulizia, waambie Eliud alisema kweli, nilifia Tanga.

Mdogo wako