Mama Alivyosugua Ulimi

Mtaa wa Daraja la Mawe,
Shaoxing.
18 Juni

Mpendwa mdogo wangu Helin,

Pokea salamu zangu na za mvua hii ya msimu wa kuiva matunda ya plamu, isiyojua kukatika. Hujambo huko Toronto? Mgongo unaendeleaje? Na bado unakunywa maji ya barafu, au tumbo limeshakutia adabu? Mimi ni mzima. Kuhusu Mama, leo sitakujibu kwa jinsi anavyotaka nikujibu.

Mama hana ugonjwa mmoja wa kuonyesha kwa kidole. Sisi tunatoka jasho, yeye mikono baridi. Wali anauchezea tu kwa vijiti. Anaamka alfajiri mno na kukaa jikoni akishusha pumzi. Nikimwuliza, ananikaripia, "Uzee huo, Suyun! Hata wewe utakufika."

Basi nikamkokota hadi kwa tabibu Lou, yule mpima mapigo wa karibu na soko la samaki. Lo! Kumbe kabla hatujatoka alijipaka rangi ya mashavu, kisha akausugua ulimi kwa kijiko mpaka ukawa mwekundu. Alipoutoa, tabibu alicheka hadi miwani ikamteleza. "Mama Qiu, nimekaa hapa niusome ulimi, wewe umeshapiga deki! Rudi kesho bila kusugua, bila poda, hata chai usinywe." Mama alinuna njia nzima. Eti tangu lini mtu akaenda kwa tabibu na mdomo mchafu?

Kesho yake ulimi ulisema wenyewe. Umepauka, umevimba, kingoni una alama za meno, na juu una utando mweupe mzito. Tabibu akamwekea vidole vitatu kwenye kifundo cha mkono, akayasikiliza mapigo. Akasema wengu umechoka, chakula hakigeuki nguvu, na mara nyingi kinachouchosha ni mawazo.

"Unamwaza nani?"

"Simwazi mtu."

"Mapigo yako hayasemi hivyo, mama."

Mama akageukia dirishani, machozi yakamtoka. Sikuwa nimemwona akilia tangu tumzike Baba. Niliumia, Helin, na nilikukasirikia pia, nisikufiche.

Tumepewa dawa za kuchemsha, nyumba nzima inanuka mizizi. Tabibu ametuagiza pia tukapime damu hospitali, na Jumatatu tutakwenda.

Sasa ujue kwamba yale mashavu mekundu unayoyaona kwenye simu kila Jumapili ni ya kopo. Alinikataza kukuandikia, akisema ukikimbilia huku kibarua chako kitaota nyasi. Lakini mficha maradhi kilio humuumbua, nami sitaki tufike huko.

Tulipokuwa tunaondoka alimrudia tabibu, akamnong'oneza. Nilidhani anauliza kama atapona. Kumbe alikuwa anauliza kama atakuwa amenenepa kidogo ifikapo sikukuu ya mwezi mpevu, iwapo utakuja, maana hataki umwone alivyo.

Nisalimie shemeji Peiwen, na umbusu mtoto wetu Lele mashavu yote mawili. Baba huko aliko awafunike kwa baraka zake.

Usingoje apone ndipo uje, mdogo wangu. Njoo umkute anaumwa.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata ninapofoka,
Suyun