Ufa Kwenye Kidonge cha Madam

Jumatano usiku.

Kutoka Kondele mpaka Bondo hakuna anayejua moto kama mimi. Jua likizimika, nitaitwa mimi niliwashe. Ndiyo maana Madam Akinyi, anayesomea fizikia chuoni, alinitoa kwenye majiko ya udongo kule Obunga nikamlindie tanuri yake ya umeme.

Leo asubuhi tumetoa kidonge chake cheusi, kidogo kama sarafu. Ni cha kauri ya ajabu: ukiigandisha kwa baridi kali, inapitisha umeme bila kupoteza hata kidogo. Sasa kina ufa katikati, mwembamba kama unywele.

"Hapo umeme haupiti tena, Fundi," akasema.

Nikamwambia jiko likipasuka sisi hupaka udongo, tunachoma tena, na mteja anashukuru. Akacheka kidogo. Poda ya kutengenezea kingine imeisha, na Ijumaa walimu wake wanataka kuona kidonge kizima.

"Kilipaswa kupoa polepole usiku kucha. Labda sikusaga vizuri. Ni hii mikono yangu."

"Labda stima ilipotea, tanuri ikapoa ghafla, Madam. Si unaijua Kisumu?"

Bado alikuwa anaitazama mikono yake. Nami mtaalamu nimekigeuza hicho kidonge kila upande, nimekipeleka juani, nimekipuliza. Hakuna ninachoweza.

Stima haikupotea hata dakika moja. Jana jioni nilifungua mlango tanuri ikiwa bado nyekundu, ili rafiki yangu Oti anipige picha, moto ukiwa nyuma yangu.