Furushi Lililokwenda na Maji

Gitega, Kigali
Machi 1993

Mdogo wangu mpenzi Mwamvua,

Asalaam alaikum. Naomba barua hii ikukute mzima hapo Pangani, wewe na shemeji Rashidi na watoto, na Mungu azipokee funga zenu. Huku tumo. Mke wangu Kaliza anakusalimu sana na anasema ule vizuri wakati wa kufuturu, maana anakujua ukiwa na huzuni. Mimi ni mzima kwa kadiri ya fundi mwenye kitambi kikubwa na cherehani kuukuu. Vita viko kaskazini, lakini wakimbizi wamefika mpaka pembeni ya mji, na wateja wangu siku hizi hawaleti vitambaa vya kushona. Wanaleta nguo za kupunguza.

Jibu lako la telegramu nililipata kwa yule dereva wa lori. Hukuuliza Mama alifariki vipi wala nani walimwosha. Umeuliza jambo moja tu: ulimkosea nini hata akakataa kukaa kwako, wakati ulimwandalia chumba na kitanda, akarudi kufia kwenye mji wenye vita. Nitakujibu, Mwamvua. Ila unanijua, mimi siingii mlangoni kabla ya kuizunguka nyumba.

Unakumbuka tulivyofika Agosti ile. Mimi niliyekuwa nikijitapa hapa Gitega kwamba babu yetu alikuwa mfanyabiashara wa pwani na kwamba bahari imo damuni mwangu, nilipoiona nilishika mkono wa Mama kama mtoto. Nikamwambia shemeji kwamba maji iko mingi, naye akacheka mpaka akakaa chini, akauliza kama Kiswahili hicho nimekishona mwenyewe. Mama akamjibu kwamba amsamehe mwanawe, kwani hata suruali anazoshona huwa hivyo hivyo.

Siku ya pili ukatupeleka kwenye matumbawe. Maji yalikuwa yamekupwa, mchanga uko wazi mpaka mbali, na ule mwamba umejitokeza wenye vidimbwi na samaki wadogo wa buluu. Wewe ulitangulia umekunja kanga unaokota makombe. Nyuma yako nilikuja mimi na Mama, naye amekumbatia lile furushi lake la kitenge. Njia nzima toka Kigali hakuliachia. Pale mpakani Rusumo nilimtania mbele ya abiria wote kwamba ameficha dhahabu ya marehemu Baba. Akacheka tu, akalikaza.

Kwenye mwamba palikuwa na utelezi, nikamwambia aliweke furushi pale mchangani, apate mikono miwili ya kujishikilia. Akaniuliza kama maji hayawezi kuja kulichukua. Hapo ndipo mjukuu wa mtu wa pwani alipojibu. Nilimwambia kwamba amekulia kando ya Ziwa Muhazi, je, amewahi kuliona linapanda ukingoni kuchukua mali ya mtu? Mama akaniamini, akaliweka.

Sina haja ya kukusimulia yaliyofuata, ulikuwepo. Nilikanyaga yule mdudu mwenye miiba myeusi. Mimi ninayeshinda na sindano nikapiga kelele kama beberu, na sote tukacheka tukasahau kutazama nyuma. Ulipotuhimiza turudi, maji yalikuwa magotini. Kitenge kilionekana mara moja tu, kikazama. Mama alisema ni nguo tu. Jioni, shemeji alipokuwa akinipaka utomvu wa papai mguuni, mimi nilikuwa nikiwasimulia majirani zako jinsi bahari ilivyotajirika kwa dhahabu yetu. Wewe ukaenda dukani ukamnunulia Mama doti ya kanga. Akaipokea kwa mikono miwili akalia, ukadhani ni furaha. Kesho yake akasema anataka kurudi kwake.

Tulipofika Gitega, jirani yetu Mukandekezi alituletea kinu cha Mama, mkeka wake na birika la kutawadhia. Nilidhani alikuwa ameviazima. Mwamvua, Mama alikuwa amevigawa. Alikuwa ameaga.

Haya aliniambia mwenyewe asubuhi moja kabla hajafariki, jua limeingia mpaka kitandani, kifua kinambana. Ndani ya lile furushi ilikuwa sanda yake. Baba alipokufa nilikata jora la bafta, nikamkatia yeye yake, na Mama akaniomba nimkatie na ya kwake kutoka jora lile lile, akaiweka. Alikuja Pangani kukaa. Alikuja kuishi kwako, afe kwako, na alikuwa akitafuta siku nzuri ya kukukabidhi furushi lile.

Nikamuuliza kwa nini basi alirudi. Akasema mama mkwe haingii nyumba ya mkwewe bila hata sanda, halafu mkwe ndiye aje kumnunulia. Angeonekana amekuja kama mtu aliyeokotwa njiani. Nikamwambia ningemkatia nyingine siku ile ile, mkasi ulikuwa mfukoni. Akanipapasa kichwa hiki chenye upara, akasema alitaka kuniambia, lakini nilikuwa nacheka.

Alinikataza nisikuandikie akiwa hai. Alijua ungefunga safari kuja kumchukua, na barabara za huku siku hizi si za mama mwenye watoto. Kwa hiyo hukumkosea chochote. Chumba alikitaka, na kitanda alikitaka. Kama unatafuta wa kumlaumu, yuko hapa Gitega, na hatakimbia.

Sanda ya pili nimeikata mimi. Sanda haishonwi, kwa hiyo kazi iliisha upesi kuliko nilivyotaka. Jeneza lake tulilifunika kwa kipande kimoja cha kanga zako mpaka makaburini Nyamirambo. Cha pili alikuwa akijifunika nacho kitandani. Nimempa dereva akuletee pamoja na barua hii. Kaliza alitaka kukifua kwanza, nikamkatalia.

Msalimie shemeji, umwambie mguu umepona. Wabusu watoto. Na mkienda tena kwenye ule mwamba, nitazamie mchangani, ingawa najua hakuna kitu.

Ni mimi kaka yako mwenye kicheko kingi,

Maneno